Kwa Nini Wamethodisti Walianzia Ribe?

Wenzangu wa chama, kanisa la Methodisti la Kenya lilianzia Ribe, karibu na Mombasa, mwaka wa 1862. Mimi naona kisa chenyewe kinaanza huku kwetu Kitui. Mwaka wa 1849 Krapf, mmisionari Mjerumani, alikaribishwa hapa na Chifu Kivoi, akauona Mlima Kenya. Alirudi 1851 akitaka kujenga kituo Yatta. Lo! Msafara wao ukashambuliwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa. Krapf akatoroka peke yake, maji ya kunywa kayatia ndani ya mtutu wa bunduki. Jamaa za Kivoi wakamlaumu yeye, akakimbilia pwani. Basi Wamethodisti wa Uingereza walipomtaka awaongoze, aliwafikisha Ribe tu.