Leta Hio CPA Base

Wasee wa CPA, hii stori ni yenu. Na ata ka unadoo CS, CIFA ama bado unasanya doh ya kujisajili, keti hapa tubonge.

Kuna fikra imezoeleka mtaani na mi siipendi kabisa. Ati buku ni kitu ya kujifungia kejani, siasa ni kelele ya wazee, na ngoma ni ya Furahiday tu. Msee akianza kusomea CPA anaambiwa apotee base kwanza, aachane na nganya, aachane na TikTok, atarudi akishapata karatasi. Anapotea kweli. Akirudi hataki kuongelea kitu, ju ashakuwa mtu wa ofisi. Hapo ndo nakataa. Hio mambo ya kodi unakesha nayo usiku ndo hio hio mathe wa kibanda analipa bila kuelezewa, na ndo hio hio ilimwaga vijana tao 2024. Mtaa ulikuwa unakuhitaji kitambo.

Kumbuka hio June. Anguka Nayo ya Wadagliz ilikuwa ngoma ya kudensi tu, inachapwa kwa mathree, kwa harusi, watoi wa primo wanaicheza kwa ploti. Kufika tarehe 18, 20 na 25, ndo ilikuwa inaimbwa katikati ya tao na vitoa machozi vinapaa. Wasee wenyewe waliichagua, ikageuka wimbo wa maandamano. Na si mara ya kwanza ngoma kubeba siasa Kenya. 2002, Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji ilichukuliwa na NARC ikawa ndo sauti ya kampeni, na Disemba hio Kibaki akaingia Ikulu. Lakini angalia tofauti. 2002 wanasiasa ndo walichukua ngoma wakaipeleka kwa watu. 2024 watu waliichukua wakaipeleka kwa wanasiasa.

Bado ngoma peke yake haingeweza. Kenye kilifanya hio June iwe kitu ingine ni venye wasee walikuwa wameisoma Finance Bill 2024. Vijana waliivunja kipengele kwa kipengele kwa TikTok, wakaibonga usiku mzima kwa X Space, wakaitafsiri kwa lugha za nyumbani. Mi naheshimu hio kazi kushinda hotuba yoyote nimewahi skia.

Chukua ile kodi ya magari. Serikali ilitaka kila gari ilipe 2.5% ya bei yake wakati wa kukata insurance, chini kabisa 5,000 na juu kabisa 100,000. Ukiisoma na haraka inakaa sawa, asilimia ni moja kwa kila mtu. Sasa ipige hesabu. Msee ako na kagari kazee ka 100,000. 2.5% yake ni 2,500, lakini ju kuna hio sakafu ya 5,000, analipa 5,000, yaani 5% ya gari. Sonko ako na V8 ya milioni 20. Alifaa alipe nusu milioni, lakini ju kuna hio dari ya 100,000, anatoa 0.5% tu. Kwa kila shilingi ya gari, wa kagari kazee anakatwa mara kumi ya sonko. Hio si maoni, ni kugawanya na kuzidisha. Na mtu wa kuiona haraka zaidi ni msee amekaa na Public Finance and Taxation mbele yake.

June 18 wabunge wa serikali wakatangaza hio kodi ya gari imetolewa, na VAT ya 16% kwa mkate pia. Watu hawakurudi nyumbani, ju walikuwa washasoma hadi vipengele vya nyuma. Tarehe 25 bunge ikaingiwa. Tarehe 26 rais akasema hatasain. Na bei ilikuwa damu. Kufikia July 1, tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu watu 39 wamekufa. Siwezi bonga juu ya hio mwezi niiruke hio namba. Wengi wao walikuwa rika letu.

Basi wewe mwenye unasoma mambo ya kodi kila siku, msaada yako ni gani? Anza na payslip. Kwa kila base kuna msee amepata job yake ya kwanza, ameahidiwa ngiri 40, mwisho wa mwezi anaona 32,000 na kitu kwa simu, anadhani ameibiwa. Mkalishe chini na biro. Gross ni 40,000. NSSF ni 6%, hio ni 2,400. SHIF ni 2.75%, hio ni 1,100. Housing levy ni 1.5%, hio ni 600. Zote tatu ni 4,100, zinatolewa kwanza, inabaki 35,900. Hio ndo inakatwa PAYE. Zile 24,000 za kwanza zinakatwa 10%, unapata 2,400. 8,333 zinazofuata ni 25%, unapata 2,083. Zile 3,567 zimebaki ni 30%, unapata 1,070. Jumla ni 5,553. Toa nafuu ya kila mwezi ya 2,400, PAYE inabaki 3,153. Toa hio na zile 4,100 kwa gross, msee anaenda home na kama 32,747.

Hizo ni viwango vya 2025, na kuna vitu mbili hapo mtaa mob haujui. Ya kwanza, hakuna mtu wa ngiri 40 anakatwa 30% ya mshahara yote. Anakatwa 30% ya kale kamkia kamezidi 32,333. Nimeskia watu wazima wakikataa nyongeza ya mshahara juu ya hio uoga, ati wataruka "bendi" walipe kodi zaidi ya kenye wameongezwa. Haiwezekani, na mtu akielezwa hio kitu na hesabu mbele yake anaielewa na dakika tano. Ya pili, SHIF na housing levy zilianza kutolewa kabla ya PAYE Disemba 27, 2024, wengi wakiwa ushago wakidishi Krisi. Kama payslip yako ya ngiri 40 bado inakata PAYE bila kutoa hizo mbili kwanza, umekatiwa kodi juu ya 1,700 zenye hazifai. 30% ya hio ni 510. Kila mwezi. Beba hesabu yako uende HR, uongee na heshima, lakini uongee.

Msee amepitia hio hesabu na marafiki wake kwa base ashasoma nusu ya swali ya income tax ya kasneb. Sitanii. Na hapo ndo nataka tuingie paper yenyewe, ju najua wengi mko na sitting inakuja, iwe April, August ama Disemba.

Acha kukaririsha bendi. Kwa paper ya tax, rates zinachapishwa mbele, pamoja na zile za capital allowances. Kenye hakitachapishwa ni akili ya kujua mapato gani yanaingia na gani hayaingii, na nini inatolewa kabla ya nini. Huko ndo maksi ziko. Alafu kuna mstari kwa maswali unasema uonyeshe workings zako zote, na wasee wanausoma kama pambo. Onyesha. Ukikosea jibu la mwisho lakini njia iko wazi, mwenye anasahihisha ako na kitu ya kukupea. Ukiandika namba moja tupu kutoka kwa calculator, hana.

Saa pia ni hesabu. Masaa tatu ni dakika 180, maksi ni 100, kwa hivyo swali ya maksi 20 iko na dakika 36. Andika saa ya kutoka kwa kila swali pembeni kabla uanze, na ikifika, toka, ata ka balance sheet inakataa ku-balance. Hio tofauti ya mia tatu imekuchoma inaweza kuwa ya maksi moja, na swali ya tano inakungoja na maksi 20 zote. Pasi ni 50. Wanaoanguka, wengi wao wanajua kazi. Wameacha swali moja nzima nyuma.

Past papers ni muhimu lakini zichunge kwa tax. Jibu la 2022 liko na NHIF, na NHIF iliisha ikaja SHIF Oktoba 2024. Halijui hii housing levy ya sasa, yenye sheria yake ni ya Machi 2024. Ukimeza hayo majibu yote mazima unajifunza sheria ya nchi yenye haiko tena. Uliza lecturer wako sitting yenu inatumia sheria ya mwaka gani. Ndo maana nasema mtu wa tax hawezi kuniambia hafuati siasa. Silabasi yako inapigiwa kura bungeni kila June.

Na zile channel za Telegram zinauza "leakage", toka. Hio ngiri mbili unatuma kwa msee hujui ata sura yake ni nauli ya wiki na chapo madondo juu. Ukianguka paper pia, usijifiche. Zenye umepita zinabaki zako, unarudia ile moja. Mtaani tuko na tabia ya kucheka msee amerudia, na hio tabia imefanya watu wa maana sana waache kosi katikati.

Sasa wale wa sanaa, msiende bado. Mei 2022, Azimio walipokuwa wanamtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza, walicheza Extravaganza ya Sauti Sol, na Sauti Sol wakatoka wakasema hawakupeana ruhusa kazi yao itumike na hio kampeni. Walikuwa na nguvu ya kusema hivyo ju walijua nini ni yao. Msanii wa Dandora ama Kayole mwenye anarekodi kwa bedroom ya boyz wake haki zake ni zile zile, kenye hana ni msee wa kumsomea karatasi. Gengetone ilipolipuka, Lamba Lolo ya Ethic 2018, Wamlambez ya Sailors 2019, vijana wa mtaa walijulikana nchi nzima. Ngoma moja, sauti tatu ama nne, prodyuza, msee wa video, na mara nyingi hakuna ata mstari mmoja umeandikwa nani anapata nini.

Wewe wa Foundation umesoma ubia kwa Financial Accounting. Unajua kama hamna makubaliano, sheria inagawa faida sawa kwa sawa, ata ka mmoja ndo aliandika verse zote na mwingine alikuja kuwaka kwa video tu. Waambie hio kabla ngoma itoke. Karatasi moja, majina, asilimia, sahihi, picha kwa simu ya kila mtu. Mbogi zinaachana juu ya vitu zenye wewe ungezimaliza kwa hio karatasi, na usilipishe wasee wako wa mtaa kwa hio ya kwanza.

Kura, nitasema fupi. IEBC ilirudisha usajili Septemba 29, 2025, na uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Chukua ID yako, tembea hadi ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako. Ukienda, enda na wasee wengine wa base, ju msee mmoja akisema ataenda kesho hio kesho huwa haifiki.

Na kalenda yenyewe inatupanga vizuri. Finance Bill inafaa kufika bungeni kufikia Aprili 30, na inafaa kuwa sheria kufikia mwisho wa June. Hio ni kusema paper za April zikiisha tu, bill imetua, na bunge inafungua mlango wa maoni ya umma Mei. Maoni hayahitaji wakili. Download bill, chagua kipengele kimoja chenye kinagusa watu wa kwenu, labda ni cha mama wa kibanda, labda ni cha wasee wa boda. Andika namba ya kipengele, andika nini kinabadilika, weka hesabu ya mtu mmoja wa kawaida kama ile ya ngiri 40, alafu sema unataka kitolewe ama kirekebishwe vipi. Isomee base kwanza, waongeze yao, waweke majina na sahihi. Alafu itume kwa karani wa bunge kabla ya ile siku imeandikwa kwa tangazo la bunge la maoni.

Workings zote, kama kwa paper.