Chozi, Ndege Mdogo wa Maua

Katika Kisumu Ndogo, kijiji kimoja cha Kibera mjini Nairobi, nyumba zimesongamana na nafasi ya kupanda maua ni haba. Hata hivyo, palipo na mgomba nyuma ya nyumba au shubiri katika kopo, ndege aitwaye chozi aweza kufika. Jina Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, na Msitu wa Ngong ungali karibu.

Chozi ni wa namna nyingi. Mmoja aonekanaye sana katika bustani za Nairobi ana urefu wa sentimita 10 hivi. Dume ana kichwa na mgongo wa rangi ya buluu na kijani ing'aayo kama chuma, kifua cha zambarau na tumbo la manjano. Mwingine ni mkubwa zaidi, mwenye manyoya mawili marefu mkiani. Kivulini huonekana mweusi, lakini jua likimpiga hung'aa kama shaba. Mng'ao huo hautokani na rangi tu, bali na jinsi manyoya yalivyojengeka kwa matabaka membamba mno yarudishayo nuru. Ndiyo sababu hubadilika ndege ageukapo.

Jike hana mapambo hayo. Ni wa rangi iliyofifia, na wengi humdhani kuwa ndege wa jamii nyingine. Kumbe ndiye mwenye kazi! Hufuma kiota kwa majani makavu, nyasi na nyuzi za buibui, kikaning'inia kama mfuko wenye mlango ubavuni. Kisha hutaga yai moja au mawili na kuyaatamia peke yake. Wakati huo dume huimba kijitini na kufukuza madume wengine. Akijiona katika kioo cha gari hukipigapiga kwa mdomo, akidhani amekuta adui. Bidii hiyo ingefaa zaidi kiotani. Makinda wakianguliwa ndipo asaidiapo kuwalisha wadudu na buibui.

Wako wasemao kwamba chozi huharibu maua. Ni kweli kwamba mara nyingine hutoboa ua ubavuni na kuiba utamu wake. Lakini mara nyingi huingiza mdomo wake uliopinda kwa njia ya haki, na unga wa ua hili humshika kichwani akaupeleka kwa lile, likapata mbegu. Shubiri hufaidika sana. Migomba ya kulimwa huzaa pasipo msaada huo.

Hatari yake ni watu. Wavulana wenye manati humlenga dume kwa ajili ya rangi zake. Tena kiota huweza kuning'inizwa kwenye waya chini ya paa au kamba ya nguo, na mwenye nyumba hukitupa akidhani ni takataka, kwa kuwa hakika chafanana nazo. Yafaa kwanza atazame kama kina mlango ubavuni. Tangu mayai kutagwa hadi makinda kuruka ni kama mwezi mmoja, na siku hizo nguo zaweza kuanikwa upande wa pili. Kisha kamba ni ya mwenyewe tena.