Muuguzi wa Mafia na Swali la "Umejuaje?"

Mtoto azaliwapo Jibondo au Chole, hospitali ya wilaya iko Kilindoni, ng'ambo ya maji. Aliye karibu na mama ni muuguzi, na neno lake ndilo hukumu. Yatupasa basi kuuliza, ndugu wasomaji: vijana wetu wasomao shahada ya uuguzi hufundishwa kutenda kwa sababu gani? Kwa kuwa mkubwa wa wodi alitenda hivyo, au kwa kuwa jambo limepimwa likaonekana kuwa kweli?

Tutazame kitovu cha mtoto mchanga. Mwaka 2006 ilitangazwa ya kuwa huko Nepal dawa ya klorheksidini, ilipopakwa kitovuni, ilipunguza vifo vya wachanga kwa karibu robo. Mwaka 2012 Bangladesh nayo ikaleta habari njema. Msomaji mwenye haraka angesema shauri limekwisha, dawa na ipakwe kila mahali. Lakini Pemba, kisiwa cha bahari yetu hii hii, watoto wapatao 36,900 walichunguzwa tangu 2011 hata 2014. Katika kila 1,000 waliopakwa dawa walikufa 10.5, katika kila 1,000 walioachwa kitovu kikavu walikufa 11.7. Tofauti ndogo kama hiyo yaweza kuwa bahati tu. Zambia nako dawa haikuonekana kupunguza vifo.

Je, Nepal walisema uongo? Hasha. Huko wengi walizaliwa nyumbani, na vifo vilikuwa vingi zaidi. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya 2022, lilisema kitovu kiwe safi na kikavu, na dawa hiyo itumiwe tu pale ambapo watu wana desturi ya kupaka vitu vya kudhuru, kama kinyesi cha mnyama.

Hapa ndipo mwanafunzi ajifunzapo kazi. Haitoshi asome matokeo ya uchunguzi kwa Kiingereza na kukariri tarakimu za mtihani. Hana budi kumkabili bibi wa mtoto na kumwuliza kwa Kiswahili cha heshima: "Shikamoo bibi. Kitovu hapa kwetu hupakwa nini?" Bila jibu hilo hawezi kujua kama habari ya Nepal inamhusu mtoto aliye mbele yake au haimhusu.

Mafia si mgeni wa mambo haya. Mwaka 2000 mpango wa taifa wa kupiga vita matende na mabusha ulianzia hapa, wananchi wakigawiwa ivermektini na albendazoli. Watoto wa minyoo ya ugonjwa huo hujaa katika damu usiku. Apimaye tone la damu mchana kwa darubini aweza kumwambia mgonjwa kwamba yu mzima, na cheti akampa! Somo gani la chuo litazidi hilo?

Liko jambo moja gumu kuliko vitabu. Mwuguzi kijana amwulizapo mkubwa wake, "Tumejuaje kwamba hivi ndivyo bora?", mara nyingi huhesabiwa mtovu wa adabu. Twasema waziwazi kwamba adabu ya namna hiyo humgharimu mgonjwa. Mwalimu amfundishe kijana kuuliza kwa upole, na wakuu wa zahanati wafundishwe kulijibu swali hilo pasipo hasira, hata kama jibu lenyewe ni: "Hatujui, tutazame."