Mbwa anayehema kwa shida: Si kila kikohozi ni pumu

Mbwa akikohoa usiku kucha, au akihema huku mbavu zikipanda na kushuka kwa kasi, wenye mbwa wengi hukata shauri papo hapo: ana pumu. Kwa paka wangekuwa karibu na ukweli, kwani paka huugua pumu inayofanana sana na ya binadamu. Kwa mbwa, ile hali ya vijia vya hewa kubana ghafla ni nadra. Kinachoitwa pumu ya mbwa mara nyingi ni mkamba sugu, yaani uvimbe wa njia za hewa unaoleta kikohozi cha miezi miwili au zaidi. Wengine huwa na mzio wa mapafu. Yapo pia magonjwa yanayofanana na hayo kwa dalili lakini yenye tiba tofauti kabisa.

Sikiliza kikohozi chenyewe

Kikohozi kikavu kilichoanza ghafla, kinachoishia kwa mbwa kutaka kutapika hadi ukadhani amekwamwa na mfupa, mara nyingi ni cha kuambukizwa, hasa ikiwa karibuni alichangamana na mbwa wengine. Chanjo yake ipo. Mbwa wa mbegu ndogo, kama Chihuahua au Yorkshire, akitoa mlio kama wa bata bukini kila kamba inapomvuta shingo, huenda bomba lake la hewa limelegea na linabonyea. Mbwa wa mbegu ndogo aliyezeeka akikohoa na kuchoka upesi, moyo nao uchunguzwe. Tusisahau minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu: hukaa kwenye mishipa mikubwa ya mapafu na huweza kufikia urefu wa sentimita 30.

Kuna jambo jingine linalotisha watu bure. Mbwa husimama, hunyoosha shingo, hutanua viwiko, kisha huvuta hewa puani kwa mkoromo mzito, tena na tena. Baada ya muda mfupi huendelea na mambo yake. Hiyo ni chafya ya kinyume. Ikitokea mara mojamoja haihitaji dawa.

Hesabu pumzi

Mbwa akiwa usingizini, tazama ubavu wake. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Kwa kawaida hazizidi 30 kwa dakika. Usihesabu akiwa ametoka kukimbia au juani, maana mbwa hupoza mwili kwa kutweta. Zikizidi 30 kila ukipima, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Fizi au ulimi ukigeuka bluu, tumbo likijikaza kila anapovuta hewa, au akishindwa kulala chini, hiyo ni dharura, usisubiri kukuche.

Tiba ikoje?

Daktari huanza na eksirei ya kifua, damu na choo, ili kuondoa uwezekano wa nimonia, ugonjwa wa moyo na minyoo. Ikithibitika ni mkamba sugu au mzio, dawa kuu ni steroidi kama prednisoloni, ambayo hushusha uvimbe. Dozi hupunguzwa polepole. Ukiikata ghafla unaweza kumdhuru mbwa. Baadhi huongezewa dawa ya kutanua njia za hewa.

Wengine huvutishwa steroidi kwa inhela, kupitia kopo la plastiki lenye barakoa ya kufunika pua na mdomo. Mbwa huzoeshwa kwanza kwa kipande cha nyama kilichowekwa ndani ya barakoa. Akishaizoea, dawa hupulizwa, kisha mbwa huachwa avute pumzi 7 hadi 10.

Hata hivyo, usimpulizie inhela yako kwa kubahatisha, wala usiiache juu ya kochi. Inhela ya salbutamoli kwa kawaida hubeba mipulizo 200. Mbwa akiitafuna na kuitoboa, dawa humwingia kwa mkupuo. Moyo humwenda mbio, hutetemeka, na potasiamu hushuka kwenye damu. Dawa zako za maumivu, kama paracetamol na ibuprofen, nazo zinaweza kuwa sumu kwake.

Kazi ya nyumbani

Mkamba sugu kwa kawaida hauponi kabisa, lakini hutulizwa. Mwondoe mbwa kwenye moshi wa mkaa, sigara, udi na dawa ya mbu ya kuchoma. Mbwa wa ulinzi anayelala pembeni ya jiko huvuta moshi huo kila siku. Mpunguze unene, na umfunge mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni.

Mbwa wengi hawakohoi wakifika kliniki. Basi anapokohoa nyumbani, mrekodi kwa simu, andika idadi ya pumzi zake, na umpelekee daktari vyote viwili kabla hujanunua dawa yoyote.