Usimamizi wa akaunti za wanachama kwenye tovuti

Usimamizi wa akaunti za wanachama upande wa mbele wa tovuti ni utaratibu unaomwezesha mwanachama kujiandikisha, kuingia, kusahihisha taarifa zake na kubadili nywila kupitia kurasa za kawaida za tovuti. Hufanyika kwa mfumo wa kusimamia maudhui, kama vile Joomla, WordPress au Drupal, mara nyingi pamoja na programu-jalizi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye mfumo ili kuupa uwezo mpya.

Upande wa mbele na wa nyuma

Upande wa mbele ni kurasa zinazoonekana na wasomaji. Upande wa nyuma ni sehemu ya wasimamizi, ambako programu-jalizi huwekwa, ruhusa hugawiwa na akaunti hufutwa. Tofauti yake ni kama ya dirisha la karani na ghala: mkulima huhudumiwa dirishani, hapewi ufunguo wa ghala.

Kwa mfano, chama cha ushirika cha wakulima wa mahindi chenye ofisi mjini Sumbawanga kinaweza kuwa na wanachama Laela, Matai na Namanyere, sehemu mbalimbali za nyanda za juu za Ufipa. Kama tovuti yake haina huduma upande wa mbele, kila anayebadili namba ya simu humsubiri katibu amsahihishie. Katibu akizidiwa na kazi hushawishika kuwagawia wasaidizi nywila ya msimamizi mkuu. Hapo kosa la mtu mmoja linaweza kufuta orodha nzima ya wanachama.

Mifumo na programu-jalizi

Joomla ilianzishwa mwaka 2005 na watengenezaji waliojitenga na mfumo wa Mambo. Jina lake limetokana na neno la Kiswahili "jumla", lililoandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Mfumo huo una kurasa zake za mbele za kujiandikisha na kuhariri wasifu. Programu-jalizi ya Community Builder huongeza sehemu za taarifa na orodha za wanachama.

WordPress, iliyotolewa mwaka 2003, kwa kawaida humpeleka mtumiaji upande wa nyuma anapotaka kuhariri wasifu wake. Programu-jalizi kama Ultimate Member huileta kazi hiyo mbele. WordPress ina ngazi tano za kawaida: msimamizi, mhariri, mwandishi, mchangiaji na mfuatiliaji. Kanuni ni kumpa kila mtu ruhusa zinazotosha kwa kazi yake tu. Mwanachama anayejiandikisha mwenyewe huwekwa ngazi ya chini kabisa.

Hatari

Kila programu-jalizi ni mlango mpya, na mlango wenye kasoro huingiza wezi. Mwaka 2023 iligunduliwa kuwa fomu ya kujiandikisha ya Ultimate Member, iliyokuwa ikitumika kwenye tovuti zaidi ya 200,000, ilimruhusu mtu wa nje kujipa ngazi ya msimamizi. Wavamizi waliitumia kasoro hiyo kabla haijazibwa. Masahihisho ya kwanza hayakutosha. Toleo la 2.6.7 la Julai 2023 ndilo lililoiziba.

Kwa hiyo msimamizi hushauriwa kusasisha programu-jalizi mapema, kuondoa zisizotumika, kutunza nakala ya akiba nje ya seva, na kukagua mara kwa mara orodha ya wenye ngazi ya msimamizi. Jina asilolitambua katika orodha hiyo ni dalili ya uvamizi.

Sheria

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zitunzwe kwa usalama, na inampa mhusika haki ya kuziona na kuomba zisahihishwe. Ukurasa wa wasifu upande wa mbele hurahisisha haki hiyo. Namba ya kitambulisho au ya akaunti ya benki isiyohitajika haifai kuombwa kwenye fomu, kwa kuwa taarifa isiyotunzwa haiwezi kuibwa.