Gari Nzee, Pentire Iliyochoka, na Bei ya Mnunuzi



Mwaka jana tulikuwa na shida nyumbani. Dada yangu mdogo alikuwa anaingia mwaka wa mwisho wa chuo kikuu kule Bunia, na minervali haikuwepo. Kitu pekee cha kuuza kilikuwa Corolla ya Papa, ya mwaka 1996, moja ya zile zilizopita Mombasa na Kampala kabla ya kufika kwetu, usukani kuume. Papa aliifanyisha taksi kati ya Nizi, Iga Barrière na Bunia mpaka miguu ikamkataza. Kisha vita vikatukimbiza, gari ikabaki miezi mingi chini ya mti wa avoka.

Mnunuzi wa kwanza aliizunguka mara moja. Akapitisha kidole juu ya kapo, kidole kikatoka cheupe kama ameshika chaki. Akasema: "Dola 900. Hii ni vyuma tu." Injini hakuisikiliza hata dakika moja.

Mimi nina lisansi ya uchumi na sina kazi. Nilikuwa na muda mwingi na makuta kidogo. Fundi mmoja wa pentire hapa Nizi, ambaye shule aliiacha kwenye darasa la sita, alikubali kunifundisha, na mimi nikamwandikia hesabu za garaji yake. Haya ndiyo niliyojifunza. Labda nyumbani kwenu pia kuna gari ya namna hiyo.

1. JUA KWANZA UNAGUSA NINI

Pentire ya gari ni matabaka. Chini iko chuma, juu yake dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi. Gari nyingi, juu ya rangi ziko na verni, ile inayong'aa bila kuwa na rangi yake. Lakini gari nyingi nyeupe za zamani hazina verni. Rangi yenyewe ndiyo inang'aa.

Matabaka yote pamoja mara nyingi hayapiti sana sehemu moja ya kumi ya milimita. Unene huo ni kama nywele mbili tu. Kila ukisugua, unapunguza kitu ambacho hakirudi.

Namna ya kupima: chukua kitambaa safi, weka pate ya kupolisha kidogo, sugua mahali padogo pasipoonekana. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hakuna verni. Kikibaki bila rangi, basi unagusa verni. Cha kwetu kilitoka cheupe. Fundi akafungua kapo, akanionyesha kibati cha Toyota. Kwenye mstari ulioandikwa C/TR kulikuwa na namba 040, na 040 ni nyeupe ya Toyota. Namba hiyo iandike, maana macho hudanganya. Nyeupe ziko nyingi.

2. KWA NINI INACHAKAA

Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, tena juu milimani. Jua linavunja kile kinachoshikanisha rangi, na juu inabaki unga. Ile chaki ya mnunuzi ilikuwa pentire iliyokufa. Chini yake pentire nzima ilikuwa bado.

Kitu cha pili ni vumbi jekundu la barabara. Ndani yake kuna chembe ngumu. Ukipangusa gari kavu kwa kitambaa kikavu, unaifanyia kazi ya msasa kila asubuhi. Papa alifanya hivyo miaka mingi kwa sababu ya usafi. Mavi ya ndege na utomvu wa mti nayo yanakula pentire yakiachwa juani.

3. KUOSHA

Mwaga maji mengi kwanza, bila kugusa, ili vumbi liondoke. Kisha ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuza kitambaa. Anza paa, shuka chini, maana chini ndiko kuna mchanga. Tumia sabuni laini. Ile ya unga ya kufulia ni kali, inaondoa nta yote. Na usipeleke gari mtoni, kuna watu wanachota maji pale.

4. KURUDISHA MNG'AO

Sheria ya fundi ni hii: anza na njia laini kuliko zote, na kama imetosha, simama. Kwa pentire yenye chaki, pate ya kupolisha na kitambaa laini vinatosha. Fanya kipande kidogo cha ukubwa wa kitabu kilichofunguliwa, kivulini, chuma ikiwa baridi. Sugua, pangusa, tazama. Badilisha kitambaa mara kwa mara.

Mimi siku ya kwanza nilijiona nimeshajua. Nikakazana juu ya ukingo wa kapo, pale chuma inapokunja, ling'ae zaidi. Ghafla ikaonekana rangi ya kijivu. Nilikuwa nimemaliza pentire yote nikafika kwenye dawa ya chini. Fundi alicheka mpaka akakaa chini: "Mdogo wangu, umetoka Nizi umerudi kiwandani!" Kumbe kwenye kingo pentire ni nyembamba, na mkono unakandamiza zaidi bila wewe kujua. Sasa kingo zote nazifunika na skochi ya karatasi kabla sijaanza.

5. MIKWARUZO

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usiponasa, mkwaruzo uko juu juu, na pate itaupunguza au kuumaliza. Ukinasa kidogo na rangi bado inaonekana ndani, loweka emeri namba 2000 kwenye maji ya sabuni, sugua polepole kwa mstari mmoja, fuata na 3000, kisha pate. Usitafute kuumaliza kabisa. Mkwaruzo uliofifia ni afadhali kuliko tundu.

Ukiona kijivu au chuma, kusugua hakutasaidia kitu. Pale pentire imekwisha, lazima urudishe nyingine. Dawa ya meno ambayo watu wanasifu inasugua kidogo tu, kwa alama ndogo sana. Na mazuti ambayo wengine wanapaka ili gari ing'ae sokoni, inang'aa siku moja tu, kisha inashika vumbi lote la njia.

6. KUTU

Chini ya mlango wa kushoto kulikuwa na mapovu kwenye pentire. Mapovu ni kutu inayosukuma kutoka chini. Tulikwangua mpaka chuma ikawa nyeupe na kung'aa, emeri namba 80, kisha 180, kisha 320. Siku hiyo hiyo tukapaka dawa ya kutu, kwa sababu chuma tupu ikilala usiku mmoja katika unyevu wa huku, asubuhi imeanza tena. Mastiki kidogo tu kusawazisha, emeri tena, dawa, kisha rangi ya 040 tuliyochanganyishiwa Bunia. Fundi alipuliza kwa kompresa yake matabaka matatu membamba, kila moja likisubiri dakika kama kumi na tano. Tabaka moja nene linashuka kama machozi.

Hapa ndugu zangu, msifanye mchezo na mapafu. Vumbi la pentire ya zamani laweza kuwa na risasi ndani, kwa hiyo sugua na maji. Na ile pentire inayochanganywa na dawa ya kuikausha, mvuke wake unaweza kuleta pumu ambayo haiondoki, na kitambaa puani hakizuii. Ile mwachie mwenye maski ya kweli ya kazi hiyo, mahali penye hewa, mbali na jiko la makala.

7. TUNDU LA CHINI

Kazi ilikuwa karibu kuisha tulipokuta tundu la vidole vitatu, chini ya milango, upande wa dereva. Mjomba mmoja akasema: jaza mastiki, paka, nani atajua? Na ni kweli, siku ya kuuza hakuna ambaye angejua. Lakini mastiki inanyonya maji, kutu inaendelea nyuma yake, na sehemu ile ndiyo inabeba gari. Tulikata kipande kilichooza, tukaunganisha bati jipya kwa kulehemu. Jumla yote, pamoja na kulehemu, tulitumia dola 85.

Baada ya wiki tatu gari ilikuwa nyeupe. Alama bado zilikuwepo, lakini ilikuwa nyeupe. Tulipaka nta mwishoni, maji yakawa yanateleza juu yake.

Mnunuzi wa pili alikuja na dola 1.800 mdomoni. Mama alinitazama jicho la kunyamazisha. Papa, akiwa kwenye kiti chake, akasema: "Mwonyeshe pale chini. Watu wa barabara hii wananijua." Nikapiga magoti, nikamwonyesha tulipolehemu, na picha za tundu kwenye simu. Akashusha mpaka 1.500. Mama hakuzungumza na mimi mpaka jioni.

Minervali ililipwa. Dada anamaliza mwaka huu. Na mnunuzi yule, mwezi uliofuata, aliniletea gari ya shemeji yake. Alisema anataka kijana ambaye anaonyesha matundu. Toka pale nimefanya gari tano pamoja na fundi wangu. Bado natafuta kazi ya lisansi yangu, sijaacha. Ila nikiulizwa siku hizi unafanya nini, nina kitu cha kujibu.