Asiyekuwapo na Lake Halipo: Picha za Kufundishia Sanaa na Nafasi ya Kaskazini Mashariki

Historia ya sanaa ni taaluma inayochunguza vitu vilivyoundwa kwa ustadi, yakiwemo majengo, michongo, michoro, nguo na vyombo, pamoja na watu waliovitengeneza na maana ya kazi hizo katika jamii. Taaluma hiyo ina shida ambayo nyingine nyingi hazina, kwa kuwa kitu kinachosomwa aghalabu hakiwezi kuletwa darasani: msikiti wa Cairo hauhamishiki, mlango wa nakshi wa Lamu umejengewa ukutani, na chombo cha maziwa kilichosukwa Wajir huenda kimo katika kabati la makumbusho huko Ulaya. Kwa sababu hiyo, kwa zaidi ya karne moja walimu wa somo hili wamefundisha kwa picha, na chuo kikuu kilichotaka kulifundisha kililazimika kujiwekea hazina ya picha, kama vile chuo cha udaktari kinavyolazimika kuwa na maabara. Hazina hizo, hata hivyo, hazikuhifadhi sanaa tu, bali pia zilichangia kuamua ni kipi kiitwe sanaa na kipi kiachwe nje, na kazi za mikono ya wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, ni miongoni mwa zilizoachwa.

Taa mbili na sanduku lenye jina

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, picha zilianza kuchapwa juu ya vipande vya kioo ambavyo viliwekwa mbele ya taa yenye lenzi, kisha sura yake ikaangazwa ukutani, ikawa kubwa kiasi cha kuonekana na darasa zima. Vipande hivyo ndivyo vilivyozaa slaidi, yaani picha ndogo inayopenyeza mwanga na kutazamwa kwa projekta. Mtaalamu Heinrich Wölfflin, aliyefundisha Berlin kuanzia mwaka 1901, alisifika kwa kuangaza picha mbili kwa wakati mmoja, moja kando ya nyingine, ili mwanafunzi azione tofauti kwa macho yake mwenyewe kabla ya kuambiwa. Ulinganishaji huo ukawa uti wa mgongo wa somo, na hadi leo mwalimu anayeonyesha picha mbili kwenye kompyuta anafuata njia hiyo hiyo.

Mbinu hiyo ilihitaji picha nyingi, nazo zikakusanywa. Taasisi ya Kijerumani ya historia ya sanaa iliyoanzishwa mjini Florence mwaka 1897 ina zaidi ya picha 600,000, na maktaba ya picha ya Conway, iliyo chini ya taasisi ya Courtauld ya London iliyoanzishwa mwaka 1932, ina karibu milioni moja. Wingi huo hauna faida bila mpangilio, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Katika maktaba ya Conway, picha za majengo ziliwekwa katika masanduku yaliyoandikwa jina la nchi na mji, ilhali Taasisi ya Warburg, iliyohamishwa kutoka Hamburg hadi London mwaka 1933 ili kuepuka utawala wa Wanazi, ilizipanga picha zake kwa mada, kwa maana ya hadithi, miungu, watu na ishara zinazoonekana ndani ya kazi. Mpangilio wa kwanza unamfaa msomi wa majengo yasiyosogea, na wa pili unamfaa msomi wa michoro yenye sura za watu na visa vyao. Sanaa ya mfugaji anayehama na nyumba yake, na ambaye mapambo yake ni mistari na mafundo badala ya sura za viumbe, haikuwa na sanduku katika mpangilio wowote kati ya hiyo miwili.

Baadaye vioo vilibadilishwa kwa slaidi za filamu, na slaidi nazo zikapisha picha za dijitali, kiasi kwamba kampuni ya Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004. Idara nyingi duniani zilijikuta na makabati yaliyojaa vitu visivyo na mashine ya kuvitazamia, baadhi zikavitupa, na nyingine zikagundua kwamba kadi ya zamani iliyobandikwa picha ina thamani hata baada ya picha yake kunakiliwa. Nyuma ya kadi huwa pana jina la mpiga picha, muhuri, tarehe na masahihisho ya walimu waliopita, na mambo hayo ndiyo yanayomwezesha msomi kujua jinsi kitu kilivyoeleweka zamani na ni nani aliyekieleza.

Pwani ilipigwa picha, bara lake likasubiri

Afrika Mashariki haikuwa mbali na mkondo huo. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, na mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann walichapisha kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za Uganda, ambamo vikapu, mikeka, vyungu na ala za muziki vilistahili uchunguzi wa kina. Cecil Todd, aliyemrithi mwishoni mwa miaka ya 1950, aliipa historia ya sanaa ya Magharibi nafasi kubwa zaidi katika mafunzo ya chuo hicho. Nchini Kenya, mhadhiri wa usanifu majengo Usam Ghaidan alichapisha mwaka 1975 uchunguzi wake wa mji wa Lamu, wenye ramani, michoro na picha za nyumba za mawe, na kazi za aina hiyo zilisaidia kuujulisha ulimwengu thamani ya mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001.

Kaunti ya Lamu inapakana na Kaunti ya Garissa, lakini katika hazina za picha umbali kati yao ni mkubwa mno. Mlango wa Lamu umepigwa picha mara zisizohesabika, ukapimwa, ukachorwa na kuwekwa vitabuni, ilhali nyumba ya mikeka iliyosimamishwa mwendo wa siku chache kutoka hapo imeingia vitabuni kwa nadra. Sababu mojawapo ni sheria. Serikali ya kikoloni ilitumia sheria ya mwaka 1902 kuifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojulikana kwa kifupi kama NFD na kujumuisha Garissa, Wajir na Mandera, kuwa eneo lililofungwa, na ile ya mwaka 1934 ikakaza udhibiti wa watu na mienendo yao, hivi kwamba mgeni hakuingia pasipo kibali. Wenye kamera wakawa zaidi maofisa, wanajeshi, wawindaji na wapimaji wa ardhi. Kitabu cha I. N. Dracopoli kuhusu safari ya kutoka Jubaland hadi kinamasi cha Lorian, kilichochapishwa London mwaka 1914, ni mfano wa maandishi ya wakati huo, ambamo nchi ilitazamwa kama njia ya kupita na uwanja wa kuwinda.

Uhuru haukuifungua milango hiyo mara moja, kwa kuwa mwaka 1963 ulileta vita vilivyoitwa vya Shifta na hali ya hatari ambayo iliendelea kisheria katika eneo hilo hadi mwaka 1991. Tangu hapo, picha za Garissa zilizosambaa sana duniani ni za ukame, kambi za wakimbizi za Dadaab na shambulio la Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambamo watu 148 waliuawa. Picha hizo zina ukweli wake na zinastahili kuhifadhiwa kwa heshima, lakini mwanafunzi anayezitegemea hizo peke yake atadhani kwamba eneo hilo lina maafa bila mafundi. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na katika somo linalotegemea picha methali hiyo inatimia neno kwa neno.

Nyumba inayobebwa na chombo kinachofukizwa

Sababu ya pili ya sanaa hiyo kuachwa nje imo katika sanaa yenyewe. Nyumba ya Kisomali ya wahamaji, iitwayo aqal, hujengwa na wanawake kwa fito na mizizi iliyopindwa kuwa kiunzi cha mviringo, kisha hufunikwa kwa mikeka iliyosukwa kwa nyuzi za mimea. Siku ya kuhama hufunguliwa, fito hupakiwa juu ya ngamia, na mikeka mingine hugeuka kuwa kinga ya mgongo wa mnyama dhidi ya mzigo. Picha moja ya aqal iliyosimama huonyesha sehemu tu ya kazi hiyo, kwa sababu ustadi wa mjenzi umo pia katika kuipanga nyumba ibebeke na kusimama tena. Mtafiti Labelle Prussin, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu usanifu wa wahamaji wa Afrika, aliwaweka wanawake hao katika nafasi ya wasanifu majengo, na alitumia picha na michoro kufuata nyumba kutoka ardhini hadi mgongoni mwa ngamia. Kitabu hicho kilionyesha kwamba picha zinazofuatana huweza kufundisha jambo ambalo picha moja huliacha.

Mfano wa karibu zaidi ni dhiil, chombo cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi za mimea hadi kikakazika kiasi cha kutovuja. Kifuniko chake huweza kutumika kama kikombe, mikanda ya ngozi hukishikilia kinaponing'inizwa, na ndani hufukizwa kwa makaa ya miti yenye harufu nzuri ili maziwa yakae muda mrefu na yapate ladha inayopendwa. Waborana, ambao pia ni wafugaji, nao wana vyombo vya maziwa vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi. Mwalimu anayeweka picha za vyombo vya jamii hizo mbili ubavu kwa ubavu, kwa njia ile ile ya taa mbili, anaweza kumuuliza mwanafunzi msuko unaanzia wapi, shingo imepanuliwa vipi, na ni mapambo gani yana kazi ya kukaza chombo. Ili maswali hayo yajibike, chombo kinahitaji picha kadhaa: ya mbele, ya kitako, ya ndani, ya kifuniko kikiwa kimetolewa, na ya karibu inayoonyesha nyuzi, rula ikiwa kando ili ukubwa ujulikane. Hata picha bora haitoi harufu ya moshi, na ndiyo maana maelezo ya maandishi hayawezi kukosekana.

Nguvu ya maelezo mafupi

Maelezo yanayoandamana na picha ndiyo yanayoamua itasomwaje. Picha nyingi za enzi ya ukoloni ziliandikwa maneno mafupi yanayotaja kabila na jinsia, kwa mfano "mwanamke wa Kisomali akiwa na chombo", na kwa maelezo hayo picha hupelekwa katika kundi la makabila, chombo kikageuka pambo la nyuma na mwanamke akabaki bila jina. Maelezo yanayofaa somo la sanaa yangetaja jina la chombo katika lugha ya wenyewe, mimea iliyotumika, mahali na mwaka kilipotengenezwa, jina la aliyekisuka iwapo ameridhia litajwe, jina la mpiga picha na masharti ya matumizi. Picha ni ile ile, lakini katika maelezo ya kwanza ni ushahidi wa kabila, na katika ya pili ni kazi ya msanii.

Idhini ina uzito wake. Wanazuoni wa Kiislamu wametofautiana kuhusu picha za viumbe hai, na familia nyingi hazipendi picha za wanawake wao zisambazwe, kwa hiyo mkusanyaji mwenye adabu huanza na vyombo, mikeka na mbao za kusomea za duksi, yaani chuo cha Qur'ani, na hupiga picha ya mtu kwa ruhusa tu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na ile ya mwaka 2019 ya kulinda data za watu zinaipa adabu hiyo nguvu ya kisheria.

Kazi ya kurejesha maelezo imeanza nchini. Mradi uliowashirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wasanii wa Nairobi na makumbusho za Ujerumani umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi za nje, na matokeo yake yalionyeshwa Nairobi, Cologne na Frankfurt mwaka 2021. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Northwestern kina mkusanyo wa Winterton wenye maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960, na zinaweza kutazamwa kwenye intaneti. Hazina za mbali kama hizo zinahitaji wasomaji wanaojua lugha na vitu, na wasomaji hao wanaishi Wajir, Mandera na Garissa.

Chuo Kikuu cha Garissa kilianza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, kikapata hati ya kujitegemea mwaka 2017, na kimezungukwa na jamii ambayo mikono yake bado inasuka, ingawa jerikeni za plastiki zimechukua nafasi ya vyombo vingi vya maziwa. Hazina ya picha za kufundishia sanaa ya wahamaji haingehitaji jengo jipya, kwa kuwa wanafunzi wana simu zenye kamera na mabibi zao wana majina ya vitu. Kila nyumba inaweza kuanza bila kusubiri chuo chochote: mwenye picha ya zamani inayoonyesha aqal, mkeka au dhiil aigeuze, aandike nyuma yake kwa penseli laini jina la aliyekitengeneza kitu hicho, mahali na mwaka, kisha aihifadhi pakavu.